Mgonjwa ni Nani? Neno juu ya Kazi ya Kutibu Ndoa na Jamaa

Husemwa mara nyingi katika mabaraza yetu ya kwamba kupatanisha mume na mke si kazi ya kujifunza. Mwenye mvi, husema, amekwisha jifunza: amekaa na mkewe miaka 40, ameoza watoto, amezika wakwe, mwalimu gani tena atamfundisha? Upande wa pili wako vijana waliorudi kutoka mjini, nao husema kinyume: mambo ya ndoa siku hizi ni ya hospitali na ya watu wenye shahada, wazee na wanyamaze. Sisi twaona ya kwamba pande zote mbili zimepotea njia, na tena zimepotea mahali pamoja. Wote wameliacha swali la kwanza la kila uganga, yaani: mgonjwa ni nani?

Swali hili si la mchezo. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeagiza ya kwamba mtu asipeleke mahakamani dai la talaka ila shauri lake limefikishwa kwanza mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo baraza limetoa hati ya kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo. Mabaraza hayo ni ya kata, na hata jumuiya ya dini yenye baraza lake yaweza kukubaliwa na serikali kuifanya kazi hiyo. Huwa na mwenyekiti, na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Maana yake ni nini? Ni kwamba mlango ambao karibu kila nyumba inayovunjika haina budi kuupita umewekwa mikononi mwetu: mwalimu wa shule, mzee wa kanisa, mama wa jirani. Seremala hapewi mbao za watu kabla hajajua kushika randa. Mkunga hufundishwa, dereva hutakiwa cheti. Lakini mtu anayepewa nyumba nzima, mume na mke na watoto na wakwe wa pande mbili, hatuoni katika sheria ile sharti la kuwa afundishwe kwanza.

Basi hufanyika nini? Twajua sote. Watu wawili huketishwa, na kila mmoja huulizwa kosa la mwenzake. Wajumbe huyapima maneno kama watu wapimao mahindi, kisha hukata: wewe una kosa kubwa, lipa, wewe una kosa dogo, vumilia. Wakikataa, hati huandikwa. Hiyo ni kazi ya hakimu. Na hakimu twamhitaji, ila kazi yake si hii. Hakimu hutafuta mwenye hatia. Tena mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake: mjumbe aliye wa ukoo wa mume huliona upesi kosa la mke, na aliye wa ukoo wa mke huliona la mume, na wenye ndoa hurudi nyumbani wakiwa na ugomvi wao wa kwanza na wa pili juu yake.

Huko hospitali nako hufanyika jambo lingine. Mke asiyelala usiku hupewa vidonge vya usingizi. Mume mlevi huambiwa aache pombe. Mtoto aliyekuwa mkavu, sasa akojoa kitandani, hupewa dawa. Kila mmoja ana karatasi yake, na juu ya kila karatasi ugonjwa wake. Ni vema mwili wa mtoto upimwe, wala hatusemi vinginevyo. Lakini mwili ukionekana mzima, ni nani aulizaye, Je, mtoto huyu alianza lini? Labda alianza mwezi ule baba aliporudi kutoka machimboni, na usiku maneno yakawa makali ukutani. Karatasi tatu, wagonjwa watatu. Na kumbe ugonjwa ni mmoja, nao haukuandikwa popote.

Hapa ndipo ilipo kazi tunayoinena. Kwa tabibu wa jamaa, mgonjwa si mume, wala si mke, wala si mtoto, bali ni kile kilicho kati yao. Mke asema, “Nasema sana kwa kuwa huyu hanijibu.” Mume asema, “Sijibu kwa kuwa huyu asema sana.” Hakimu atauliza ni nani aliyeanza, nao wataapa wote wawili, kila mmoja akisema kweli kama aionavyo. Tabibu hatafuti mwanzo wa duara, maana duara halina mwanzo. Hutafuta mahali pawezapo kukatwa. Labda atamwambia mume aseme yeye kwanza kila jioni kabla hajaulizwa, na mke angoje. Ni jambo dogo; lakini duara likikatwa mahali pamoja haliwezi kuzunguka kama lilivyozunguka jana. Kuona hivyo si kipaji cha mvi, wala hakupatikani kwa kujua majina ya dawa. Ni elimu peke yake, na mwenye nayo ana haki ya kuitwa kwa jina lake.

Elimu hii ina historia, na historia yake ina mafundisho kwetu, mema na mabaya. Kwa hiyo twamwomba msomaji atufuate kidogo mpaka Marekani, ambako kazi hii ilipata jina na muhuri.

Mwaka 1930 mtu mmoja, Paul Popenoe, alifungua katika mji wa Los Angeles nyumba ya kuwashauri watu wa ndoa. Hakuwa tabibu. Aliyokuwa ameandika kwanza ni habari za kilimo cha mitende, kisha habari za urithi wa viumbe. Na udaktari alioitwa nao ulikuwa wa heshima tu. Tena alikuwa mmoja wa wale waliofundisha ya kwamba watu waliohesabiwa kuwa dhaifu wafanywe wasizae. Hata hivyo jina lake lilivuma, na tangu mwaka 1953 mashauri ya nyumba yake yalisomwa na wanawake wengi katika gazeti lao la kila mwezi. Twayataja haya kwa sababu moja: kazi isiyo na bawabu huingiwa na yeyote mwenye ulimi mwepesi, naye huingia na mzigo wake wote.

Wengine waliliona jambo hilo. Mwaka 1942 washauri wa ndoa wa Marekani walifanya chama chao, ili ijulikane ni nani afaaye kuifanya kazi hii na amejifunza nini. Mwaka 1963 jimbo la California lilitunga sheria ya kuwapa hati. Mwaka 1978 chama kilitwaa jina la tiba ya ndoa na jamaa, na kufikia mwaka 2009 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Hesabu na ifanywe: tangu chama hata jimbo la mwisho, miaka 67. Wanaodhani ya kwamba kazi hupata heshima kwa tangazo la siku moja na waitazame hesabu hiyo.

Lakini muhuri si elimu. Elimu yenyewe ilitoka kwingine. Gregory Bateson, Mwingereza aliyechunguza desturi za watu, pamoja na Don Jackson, Jay Haley na John Weakland, walitoa andiko mwaka 1956 juu ya maneno yafungayo. Walisema, mtu akiambiwa mara kwa mara mambo mawili yasiyopatana na yule ambaye hawezi kumwacha, wala hana ruhusa ya kusema kwamba hayapatani, hufungwa kama kuku aliyefungwa miguu. Mama amwita mtoto aje. Mtoto ajapo, mwili wa mama wakauka. Mtoto arudipo nyuma, huulizwa, Mbona hunipendi? Kwa andiko hilo watu walianza kutazama yasemwayo kati ya watu, badala ya kutazama kichwa cha mmoja tu.

Naye Salvador Minuchin, aliyezaliwa Argentina mwaka 1921, alifanya kazi na wavulana wa maskini wa New York, waliopelekwa shule ya mbali kwa sababu ya makosa yao. Yeye na wenzake waliona ya kwamba si vema kumtengeneza mvulana peke yake na kumrudisha katika nyumba ile ile. Basi wakawaita na wa nyumbani, na mwaka 1967 wakatoa kitabu juu ya jamaa hizo. Kisha katika mji wa Philadelphia, Minuchin pamoja na Haley na Braulio Montalvo walifanya jambo ambalo twaomba lisisahauliwe katika vijiji vyetu: waliwachukua watu wa mitaa ya maskini, wasio na shahada ya chuo kikuu, wakawafundisha kazi hii. Hawakuwafundisha kwa vitabu tu. Mwanafunzi aliketi na jamaa, na mwalimu wake alitazama nyuma ya kioo, akimrekebisha pale pale. Ndivyo fundi afundishwavyo popote duniani: mkono ukiwa kazini, na jicho la mkubwa juu ya mkono.

Sasa tuseme na makosa yake, maana hatuuzi bidhaa hata tufiche doa lake. Kosa la kwanza ni lawama kwa akina mama. Katika miaka ile wakubwa wengi wa elimu ya akili walifundisha ya kwamba kichaa cha kijana hutoka kwa mamaye. Na mafundisho ya maneno yafungayo yalisomwa vivyo hivyo. Wazazi waliokuwa wakibeba mzigo wa mtoto mgonjwa wakabebeshwa na hatia. Mwaka 1979 jamaa za wagonjwa hao walifanya chama chao wenyewe, na lawama hiyo waliikataa. Walikuwa na haki. Leo yajulikana ya kwamba ugonjwa ule wa akili hauletwi na malezi ya mama. Ila yajulikana pia ya kwamba jamaa wakifundishwa habari za ugonjwa na namna ya kukaa na mgonjwa pasipo makemeo, mgonjwa hurudiwa na maradhi mara chache zaidi. Angalia, jamaa wale wale: kwanza waliitwa washitakiwa, kisha wakaitwa wasaidizi. Elimu iliyojisahihisha ndiyo elimu ya kuaminiwa.

Kosa la pili ni zito zaidi, na latuhusu sisi moja kwa moja. Wengi walilipenda duara hata wakalitia mahali lisipostahili. Mume akimpiga mke, walitafuta mke alifanya nini kabla, na mume alifanya nini kabla ya hapo, na aliyepiga na aliyepigwa wakawa kama washirika wa jambo moja. Mwaka 1978 Rachel Hare-Mustin aliandika kuwakumbusha ya kwamba ndani ya nyumba nguvu hazikugawanywa sawasawa, na tabibu asiyeliona hilo humsaidia mwenye nguvu. Nasi twasema wazi: maneno yana duara, lakini ngumi ina mwenyewe. Tumeona mabaraza ambamo mwanamke mwenye jicho lililovimba aliulizwa kama chakula kilichelewa, kisha akaambiwa arudi nyumbani akavumilie, na wajumbe wakaenda zao wakijiita wapatanishi. Huo si upatanisho. Ni kumrudisha kondoo zizini na chui yumo. Mahali palipo na kipigo, kwanza ni usalama, kisha sheria. Habari za kupatana huja nyuma, kama zitakuja.

Basi kazi hii ya Marekani, iliyopata hati katika majimbo yote, sasa imefika salama? Hapana, na hili ndilo la kutuonya. Tangu tarehe 1 Januari 2024, bima ya serikali ya wazee wa Marekani imekubali kuwalipa matabibu wa ndoa na jamaa. Walioipigania haki hiyo miaka mingi walishangilia, na walistahili. Lakini bima hulipa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye ugonjwa wenye jina. Ugomvi wa mume na mke umo katika orodha za waganga, una hata nambari yake. Ila nambari hiyo kwa kawaida hailipwi. Kwa hiyo tabibu atakaye mshahara hana budi kuchagua mmoja wa nyumba ile na kumwandikia ugonjwa: huyu ana huzuni, yule ana hofu. Yeye aliyefundishwa kuona kilicho kati ya watu, kila jioni huandika ya kwamba hakuna kitu kati yao, ila mgonjwa mmoja na wasindikizaji wake. Kazi inayokula kwa jina la nyingine, mwisho wake hugeuka kuwa hiyo nyingine. Wakipenda wasipende, watafundishana majina ya magonjwa, maana ndiyo yaletayo mkate, na swali lile, Mgonjwa ni nani, litajibiwa na karani wa bima.

Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya washauri na wanasaikolojia, ili waandikishwe na kusimamiwa. Twaisifu, kwa kuwa bawabu ni wa lazima, kama tulivyoona kwa habari ya mtu wa mitende. Ila twawaambia ndugu zetu wa huko, na wa Tanzania watakaofuata: jihadharini kazi ya jamaa isipewe chumba cha nyuma katika nyumba ya wengine. Iwe na mafunzo yake, na waalimu wake, na malipo yake kwa jina lake.

Kwa upande wetu wa vijijini twadai mambo manne, wala si makubwa. La kwanza, kila mjumbe wa baraza la ndoa afundishwe kabla ya kuketi, na baada ya kuketi atazamwe na mtu ajuaye, kama walivyofanywa wale wa Philadelphia. La pili, kabla ya neno lolote la kupatana, mke aulizwe peke yake, na mume peke yake, kama pana kipigo au hofu ndani ya nyumba. La tatu, asiketi mjumbe katika shauri la ukoo wake, na yasemwayo barazani yasisikiwe kisimani kesho yake. La nne, baraza lisiandike hati baada ya kikao kimoja ambacho kazi yake ilikuwa kumtafuta mkosaji tu. Na kila wilaya iwe na tabibu wa jamaa aliyefundishwa kweli, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuyafundisha mabaraza na kupokea yale yanayoyashinda. Akikaa mji mkuu tu hatufai. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wako watakaosema, Hayo ni mambo ya wageni. Twawajibu: kungwi alikuwa mgeni? Kungwi hakuwa mwanamke yeyote mwenye mvi. Alifunzwa na aliyemtangulia, alijua la kusema na la kunyamazia, naye alipewa haki yake kwa kazi yake. Tena wazee wetu walipokutanisha koo mbili chini ya mti, walikwisha jua ya kwamba ndoa ni ya wengi kuliko wawili. Kwa hiyo elimu hii haijaja kuwafukuza wazee. Imekuja kuwakuta njiani. Tunachokikataa si mvi, ni mvi zisizotaka kufundishwa.

Wengine watasema, Sala yatosha. Twasali, na tutasali. Lakini mtoto akishikwa na homa hatuachi kumpa dawa kwa sababu tumemwombea. Na wengine watasema, Fedha hakuna. Je, fedha za kesi zapatikana wapi? Shamba huuzwa, mbuzi huuzwa, watoto hugawanywa kama mali, mmoja kwa bibi wa huku na mmoja kwa bibi wa kule. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hivyo walisema wazee, lakini mume na mke wakiachana hakuna alimaye wala avunaye, na shamba huota magugu.

Basi, ndugu wasomaji, mtakapoitwa barazani, wala msiitwe kwa hila za ukoo, nendeni. Ila kabla hamjauliza ni nani mwenye kosa, ulizeni kwanza mgonjwa ni nani. Na mkiona hamjui kumtambua, msione haya kutaka mwalimu. Waandikieni madiwani na wakuu wa jumuiya zenu, dai hili liwafikie kwa mikono mingi. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo; lakini kuganga nako kwataka kujifunza.